Sir Harry Johnston: Mchoraji aliyeitazama nchi ya Busia na Malaba kabla ya mpaka

Asubuhi ambayo mawingu hayajapanda kutoka Ziwa Victoria, msafiri aliyesimama Malaba upande wa Kenya huuona Mlima Elgon umejilaza kaskazini-mashariki, mpana na wa rangi ya samawati iliyofifia. Magharibi, ng'ambo ya pili, jabali la Tororo limechomoza peke yake. Karibu na miguu ni udongo mwekundu, migomba na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuelekea Kampala. Madereva hawana haja ya kuinua macho. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 alipita katika nchi hizi mtu aliyekuwa amefunzwa kazi ya kutazama: kutenganisha samawati ya mbali na wekundu wa karibu, na kukadiria ni rangi gani ichanganywe na ipi ili mlima ubaki mbali na udongo ubaki chini.

Mtu huyo alikuwa Henry Hamilton Johnston, aliyejulikana maishani kama Sir Harry Johnston. Wanahistoria humtaja kama mtawala wa kikoloni, mtaalamu wa lugha za Kibantu na mtu ambaye jina lake limefungamanishwa na mnyama okapi. Wachache hukumbuka kwamba kazi aliyoisomea, kabla ya nyingine zote, ilikuwa uchoraji.

Alizaliwa Kennington, kusini mwa London, tarehe 12 Juni 1858. Alikuwa mtoto mfupi wa kimo, na hata utu uzimani aliachwa nyuma kwa urefu na karibu kila aliyefanya kazi naye. Alisoma katika shule ya Stockwell, kisha King's College, London. Mapema alianza kwenda katika bustani ya wanyama ya jiji hilo kuwachora wanyama waliofungwa vizimbani. Mwaka 1876 alikubaliwa katika shule za Royal Academy, taasisi iliyokuwa kilele cha mafunzo ya sanaa nchini Uingereza, na akabaki mwanafunzi huko hadi 1880.

Mafunzo ya pale yalikuwa ya taratibu na ya kuchosha. Mwanafunzi alianza kwa kuchora sanamu za plasta, akapanda hadi kuchora watu walio hai, na ndipo akaruhusiwa kushika rangi za mafuta. Umbo la mwanadamu ndilo lililopewa heshima ya kwanza; uchoraji wa mandhari, yaani picha za nchi, milima, maji na mbingu, kijana alijifunza zaidi kwa kutoka nje na kwa kuwatazama waliomtangulia.

Na waliomtangulia walikuwa wamepata mapinduzi ambayo hayakutokea katika majumba ya sanaa bali katika maduka ya vifaa. Kabla ya miaka ya 1840, mchoraji aliyetaka kubeba rangi za mafuta aliziweka ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Alipotaka rangi alikitoboa kibofu kwa msumari, akakamua, na kuanzia hapo iliyobaki ikaanza kukauka na kuharibika. Kibofu kilipasuka safarini. Kwa hiyo mchoraji wa mandhari alichora nje kwa penseli au rangi za maji, kisha akarudi nyumbani kuitengeneza picha kubwa ya mafuta akitegemea kumbukumbu. Walikuwapo waliotoka na rangi zao hata hivyo. John Constable, aliyefariki mwaka 1837, aliketi kwenye vilima vya Hampstead akichora mawingu kwa mafuta juu ya vipande vya karatasi. Lakini hizo zilikuwa kazi za haraka, na nyumbani hapakuwa mbali.

Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, mchoraji wa sura za watu, alisajili uvumbuzi wa tyubu ya bati laini iliyoweza kukunjwa kadiri rangi ilivyotumika. Kampuni ya Winsor & Newton, iliyoanzishwa na wabia wawili mwaka 1832, ni miongoni mwa zilizoisambaza sokoni. Kifaa kidogo kama hicho, ambacho leo kila mtu hukikamua asubuhi anapopiga mswaki, ndicho kilichomwezesha mchoraji kutembea na rangi za mafuta mfukoni kwa miezi bila kuharibika.

Rangi zenyewe nazo zilikuwa zimebadilika. Samawati ya thamani kubwa ilikuwa ikitolewa katika jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake iliwatisha hata matajiri. Mwaka 1828 Mfaransa Guimet alipata njia ya kuitengeneza kiwandani, na ghafla anga ikawa nafuu. Samawati ya kobalti ilikwishapatikana mwaka 1802. Manjano ya kadimiamu iliingia sokoni katikati ya karne, na kijani kizito cha kromiamu kilisajiliwa na Guignet mwaka 1859. Kijani hicho kilikuwa faraja, maana kijani king'avu kilichotangulia kilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake.

Si kila kitu katika sanduku la mchoraji kilikuwa kipya. Weupe ulikuwa bado ule wa risasi, wenye sumu lakini wenye kushika vizuri. Rangi za udongo, nyekundu na kahawia, zilikuwa zilezile zilizotumiwa tangu mwanadamu alipoanza kupaka kuta za mapango. Wekundu wake ni kutu ya chuma tu. Ni chuma hichohicho kinachoupa udongo wa Busia rangi yake, na ndicho kilichowafanya Wasamia wasifike kwa ufuaji wa majembe kwa kuyeyusha mawe ya milima yao. Maseremala wa Kiswahili huiita ngeu, na huitumia kupigia mistari juu ya mbao.

Ufundi wa mafuta una masharti yake. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka kwa kuvukizwa na jua. Huvuta oksijeni hewani polepole na kugeuka utando mgumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, tabaka nene huchukua miezi, na ndani yake hukauka baada ya miaka. Ndiyo sababu kanuni ya mafundi ikawa kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache, limechanganywa na tapentaini, na la juu liwe na mafuta mengi zaidi. Anayeigeuza kanuni hiyo ataona picha yake ikipasuka kama matope ya kisima kilichokauka. Wachoraji wengi wa karne hiyo walipenda pia kupaka lami ili kupata kivuli cha kahawia chenye joto. Lami haikauki kamwe. Picha zao zilisinyaa na kukunjamana, na baadhi hazikuweza kuokolewa.

Kisha kuna turubai yenyewe. Kitambaa hupakwa gundi kwanza ili mafuta yasikiozeshe, halafu hupakwa rangi nyeupe ya msingi. Katika enzi ya Johnston kilinunuliwa dukani kikiwa tayari kimepakwa na kuwambwa juu ya fremu. Katika hewa ya London kilikaa vyema. Katika hewa yenye unyevu wa pwani na ya kando ya ziwa, gundi ile hunywa maji, kitambaa hulegea, kisha jua la mchana hukivuta tena. Vumbi na wadudu hunasa katika rangi mbichi. Na rangi isiyokauka haiwezi kufungwa pamoja na mizigo mingine.

Hesabu ya mizigo ndiyo iliyoamua mengi. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30 kichwani, na kila kilo ilikuwa chakula, nguo au shanga ambazo hazikubebwa. Thomas Baines, mchoraji Mwingereza aliyeajiriwa mwaka 1858 katika safari ya David Livingstone ya mto Zambezi, alikuwa mtunza ghala wa safari hiyohiyo, na mwaka uliofuata alifukuzwa kwa tuhuma za kuiba mali ya msafara, tuhuma alizozikana hadi kifo chake mwaka 1875. Baines alichora kwa mafuta katika mazingira magumu kuliko pengine mwenzake yeyote wa wakati wake kusini mwa Afrika. Lakini wasafiri wengi waliomfuata walichagua penseli na rangi za maji kwa kazi ya njiani, wakayaacha mafuta kwa ajili ya chumba tulivu.

Johnston naye aghalabu alifuata njia hiyo. Mwaka 1879 na 1880 alikwenda Tunis kuchora, na huko jua la kaskazini mwa Afrika likamfundisha jambo ambalo London haikuweza: kwamba kivuli si kahawia wala cheusi, bali kina rangi yake. Huko pia alijifunza Kiarabu na kuonja siasa, maana Ufaransa ilikuwa karibu kuinyakua Tunisia. Picha zake ziliwahi kuonyeshwa Royal Academy. Hata hivyo tangu wakati huo brashi haikuwa tena riziki yake pekee. Mwaka 1882 alisafiri Angola, na mwaka uliofuata alifika Kongo na kukutana na Henry Morton Stanley.

Safari iliyomleta Afrika Mashariki ilikuwa ya mwaka 1884, alipotumwa na mashirika ya kisayansi ya Uingereza kuchunguza viumbe na mimea ya Kilimanjaro. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alimsaidia kupata watu na vifaa, na Johnston akajifunza Kiswahili. Alikaa kwanza chini ya himaya ya Mandara, mtawala wa Moshi aliyejua vyema kuwatumia wageni kwa faida yake. Mahusiano yao yakaharibika, na mgeni akalazimika kuhama. Alipanda mlima hadi, kwa maelezo yake, zaidi ya futi 16,000 bila kufika kileleni. Mmea mmojawapo mkubwa wa ajabu wa nyanda za juu za mlima huo, unaofanana na kabeji iliyowekwa juu ya nguzo, hadi leo unaitwa Dendrosenecio johnstonii. Jamaa zake wanaota pia Elgon.

Kitabu cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 1886 kikiwa na michoro yake. Lakini samawati zote na kijani chote alichokiona viligeuka wino mweusi mikononi mwa wachapaji, kwani ndivyo teknolojia ya vitabu ilivyoruhusu. Kilichobaki na rangi katika safari ile kilikuwa karatasi za aina nyingine. Huko Taveta, Johnston alikuwa ametia saini mikataba ya ardhi na wazee wa mahali, na mikataba hiyo ikawa miongoni mwa misingi ya madai ya Waingereza katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mchoraji alikwenda kutazama mlima akarudi na hati.

Miaka iliyofuata ni ya mtawala zaidi kuliko msanii. Akiwa kaimu balozi katika pwani ya Niger mwaka 1887, alimwita Mfalme Jaja wa Opobo kwenye mazungumzo chini ya ahadi ya usalama, kisha akamwondoa nchini mwake. Jaja alifia ugenini mwaka 1891. Doa hilo halikufutika katika sifa za Johnston, na halistahili kufutika. Katika Nyasaland, Malawi ya leo, aliongoza vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Mlozi wa Karonga alinyongwa mwishoni mwa mwaka 1895. Homa kali ya malaria ilimshambulia mara kadhaa na kumtoa huko. Mwaka 1896 alipewa cheo cha Sir na akamwoa Winifred Irby, binti wa ukoo wa makabaila.

Ndipo mwaka 1899 serikali ya Uingereza ikamtuma Uganda kama kamishna maalumu. Kazi yake ilikuwa kupunguza gharama za himaya hiyo mpya baada ya maasi ya wanajeshi wa Kisudani na vita vya Kabaka Mwanga.

Ni muhimu kukumbuka jinsi ramani ilivyokuwa. Uganda ya wakati huo haikuishia Malaba wala Busia. Mkoa wake wa Mashariki ulifika hadi Bonde la Ufa, na sehemu zote za Busia, Kakamega na Kisumu za leo zilikuwa ndani yake. Kituo cha utawala kilikuwa Mumias, alikokaa C. W. Hobley. Barabara ya mikokoteni iliyotengenezwa na Kapteni Sclater katikati ya miaka ya 1890 ilitoka Kibwezi ikapanda na kushuka nyanda za juu hadi Busia. Sclater mwenyewe aliwahi kutumikia chini ya Johnston katika Nyasaland. Misafara ilipita hapo kwenda Busoga bila kuulizwa kibali, maana hapakuwa na pa kuulizia.

Johnston aliifahamu nchi hii kwa macho ya mchoraji na kwa daftari la mtaalamu wa lugha. Alifika katika nchi zilizo karibu na Elgon mwaka 1901, na huko akatoa taarifa za twiga mwenye vinundu vitano kichwani. Aliandika kuhusu watu aliowaita Wakavirondo, jina la nje lililowachanganya Waluo na jamii ambazo leo tunaziita Waluhya, ingawa yeye mwenyewe alitofautisha waziwazi lugha zao. Alikusanya misamiati, na misamiati hiyo ni hazina. Lakini aliwapima pia watu vichwa na viungo na kuwapanga kwa madaraja kama alivyopanga wadudu na ndege. Msomaji wa leo anayefungua kurasa zake hukutana na uangalifu na dharau katika aya moja.

Kazi yake kubwa ya kisiasa ilitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Ni Mkataba wa Uganda, kati yake na wakuu wa Buganda wakiongozwa na Apolo Kagwa, kwa niaba ya Kabaka mtoto Daudi Chwa. Mkataba ule uligawa ardhi yote ya Buganda: maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu binafsi wapatao 1,000, na takriban 9,000 kwa serikali ya Uingereza. Jumla ilihesabiwa kuwa maili za mraba 19,600. Hesabu hiyo ilikuwa ya kukisia. Nchi haikuwa imepimwa, na upimaji wa mashamba hayo ya mailo ulichukua hadi mwaka 1936 kukamilika. Katika chumba cha uchoraji, fundi aliyerudi na michoro michache ya safarini huruhusiwa kujaza pengo la vichaka na mawingu kwa akili yake, na picha ikapendeza. Johnston alikuwa amefanya hivyo juu ya nchi ya watu, na wakulima wadogo waliokuwa ndani ya mapengo hayo wakageuka wapangaji katika mashamba ya babu zao.

Kosa la namna hiyo lilitokea karibu zaidi na Malaba. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amejitwalia nchi za Bukedi na kuanza kuzitawala kutoka ngome yake ya Budaka, alikutana na Johnston na akaondoka akiamini kwamba ameahidiwa ufalme wa huko. Serikali haikutambua ahadi hiyo. Kakungulu alisukumwa hadi Mbale, akawa mtumishi wa mshahara, na hadi alipofariki mwaka 1928 alishikilia kuwa amedhulumiwa. Watu wa Bukedi, ambao hawakuwa wamemwalika yeyote kati ya hao wawili, walibaki na mfumo wa machifu wa Kiganda na kodi zake.

Lililomletea Johnston umaarufu wa ulimwengu, hata hivyo, lilikuwa ngozi. Mwaka 1900 aliwaokoa Mbilikimo waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja ili wakaonyeshwe katika maonyesho makubwa ya Paris, akawarudisha kwao Kongo. Njiani aliwadodosa juu ya mnyama wa msituni aliyesikia habari zake kwa Stanley, na wakamweleza. Katika ngome ya Mbeni alipata vipande vya ngozi yenye mistari vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda. Akavituma London, na mwanazuoni Philip Sclater akamwita mnyama huyo, mwaka 1901, aina ya punda milia.

Ndani ya msitu, wenyeji walimwonyesha Johnston nyayo za mnyama huyo. Zilikuwa nyayo za kwato zilizopasuka kati, kama za ng'ombe. Johnston hakuwaamini. Alikuwa amekwisha kumchora kichwani mwake kama farasi, na farasi hana kwato mbili. Baadaye Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa akitumikia Kongo, alimletea ngozi nzima na mafuvu, na hapo Johnston akatambua kwamba wenyeji walikuwa sahihi: okapi ni jamaa wa twiga. Wanazuoni wakabadili jina na kuliita Okapia johnstoni.

Alimchora okapi kwa rangi za maji, akitazama ngozi, kwa sababu ngozi hupoteza rangi upesi na mafuta yasingemsubiri. Picha hiyo ilichapishwa katika jarida la Shirika la Zoolojia la London. Hakuwahi kumwona okapi akiwa hai. Rangi ni sahihi kwa kiwango cha kushangaza, kwani hapo alichora kilichokuwa mbele yake.

Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901. Miongoni mwa mapendekezo aliyoyaacha ni kwamba Uganda na himaya ya Afrika Mashariki ziunganishwe kuwa nchi moja, yenye makao makuu kwenye nyanda za Mau. London ilichukua njia nyingine. Reli ilikuwa imefika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na wakubwa walitaka njia yote ya reli iwe chini ya serikali moja. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki ulihamishwa kutoka Uganda na kuwa sehemu ya ile iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka ulifuata mito, Sio upande wa kusini na Malaba upande wa kaskazini, hadi Elgon, na ukaelezwa kwa urefu katika amri ya mwaka 1926. Wateso, Wasamia na majirani zao wakaamka wakiwa na ndugu katika nchi mbili. Mtu aliyeoa ng'ambo ya mto alihitaji sasa kueleza safari yake. Miongo mingi baadaye, vijana wa baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha waliifanya njia hiyo kuwa biashara, na ndipo lilipozaliwa neno bodaboda.

Kwa hiyo si haki kumtwika Johnston mstari ule. Pendekezo lake lingeufuta kabla haujachorwa. Lakini ramani ni kazi aliyoipenda, na hilo linaonekana katika kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu himaya ya Uganda, kilichotoka mwaka uleule wa 1902. Kina picha 506, zikiwamo za kamera yake na za wengine, kurasa 48 za picha za rangi zilizochorwa na yeye mwenyewe, na ramani 9 alizozitengeneza pamoja na J. G. Bartholomew. Uchapaji ulikuwa umeendelea tangu kile cha Kilimanjaro, na sasa samawati ya milima iliweza kumfikia msomaji. Kwa mtu wa Busia leo, kitabu kile ni kitu kigumu: kinaionyesha nchi ya mababu kwa rangi kabla haijakatwa, kikiwa kimetengenezwa na mmoja wa watu waliokuja kuikata.

Maisha yaliyobaki yalikuwa ya kuandika. Watoto wake pacha walifariki punde baada ya kuzaliwa mwaka 1902. Aligombea ubunge mwaka 1903 na 1906 kwa chama cha Liberal akashindwa. Aliandika kuhusu Liberia, kuhusu Kongo, kuhusu Waafrika wa Amerika, na hata riwaya. Kazi iliyodumu kuliko zote ni ulinganisho wake wa lugha za Kibantu, uliochapishwa katika juzuu mbili mwaka 1919 na 1922, ambamo lugha za pande zote mbili za Malaba zimepangwa ukurasa kwa ukurasa bila kuulizwa zina pasipoti gani. Tawasifu yake ilitoka mwaka 1923.

Kiharusi kilimpata mwaka 1925 na kumdhoofisha. Alifariki tarehe 31 Julai 1927 huko Woodsetts, karibu na Worksop, akiwa na umri wa miaka 69, na akazikwa Poling, kijiji cha Sussex alikokuwa na makazi yake. Katika kanisa la kijiji hicho kuna bamba la kumbukumbu lake lililochongwa na Eric Gill, mchongaji mashuhuri wa herufi.